Mwalimu Kwahiyo

Muhula ulipokaribia kufunguliwa, mwalimu mmoja wa chuo alivaa shati lake la mikutano, akaenda mjini kumrudisha mpwa wake masomoni. Mratibu wa masomo alikuwa amemwambia kwamba nafasi ya binti ingeshikiliwa mpaka siku ya kufungua, na si zaidi. Dada yake, mama wa binti, alikuwa amesema naye kwa simu kwa ufupi zaidi: "Kaka, mtoto nilikukabidhi wewe." Halafu akakata.

Njia nzima alipanga hoja. Ya kwanza itakuwa hii, ya pili ile, na binti akipinga hapa, atamjibu pale. Kupanga hoja ilikuwa kazi yake, ingawa kwa miaka mingi alikuwa akiwapangia wengine njia ya kuzifikia, yeye mwenyewe akikaa pembeni kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwenzake apande.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwahiyo. Hawakumwita hivyo usoni, lakini chuo ni kama nyumba ya bati, hakuna linalosemwa lisisikike. Alilijua jina hilo, na moyoni alilipenda. Lilitokana na semina zake. Mwanafunzi akitoa wazo, hata liwe zuri namna gani, alimtazama, akaacha pumzi ipite, kisha akasema, "Kwa hiyo?" Hakuongeza neno. Hapo mwanafunzi alilazimika kwenda mbele, kutoka kwenye alilolisoma kwenda kwenye analolifikiri, na mara nyingi alifika mahali ambapo hata yeye hakujua kama panafikika. Mwalimu aliyaishi maisha yake kwa ajili ya dakika hizo.

Yeye mwenyewe alisomeshwa kwa mihadhara. Mhadhiri aliingia na karatasi zilizogeuka rangi ya chai, akasoma, wao wakaandika. Akisema "nukta, aya mpya," walikuwapo walioandika "nukta, aya mpya," na siku ya mtihani wakamrudishia nukta yake salama salimini. Alihitimu vizuri. Alitoka akiwa anajua mengi, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Alipoajiriwa alifundisha vivyo hivyo, kwa kuwa mtu hupika alivyopikiwa. Kisha likizo moja akapelekwa kwenye mafunzo ya walimu, na huko mkufunzi mmoja, mama mtu mzima aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliwaketisha kuizunguka meza, akamgeukia na kumuuliza, "Wewe waonaje?" Aligeuka nyuma kutazama anaulizwa nani. Alikuwa na mke, alikuwa na mtoto, alikuwa na ufunguo wa ofisi, lakini hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyeshika chaki. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeokoka.

Chuo hakikuwa na chumba cha semina. Walimpa iliyokuwa stoo ya maabara, chumba chenye dirisha moja refu na harufu ya dawa isiyotoka hata upige deki vipi. Aliunganisha meza nne zisizolingana kimo, akaweka kipande cha boksi chini ya mguu wa ile fupi, akaugeuza ubao uelekee ukutani ili asishawishike kuuandikia. Wenzake walipita mlangoni wakichungulia. Mmoja alimuuliza kama humo ndani kuna darasa au kikao cha harusi.

Baada ya hapo akajitungia masharti. Hakuna kunyoosha mkono. Mwalimu hajibu swali. Ukimya usivunjwe na mwalimu, hata uwe mrefu kiasi gani, maana ukimya ndio udongo na wazo ndilo mbegu. Sharti la mwisho lilikuwa lake peke yake, hakumwambia mtu: uso wake na sauti yake visimwonyeshe mwanafunzi kama amepatia au amekosea. Alikuwa ameona wanafunzi wanavyosoma nyusi za mwalimu badala ya kitabu. Kwa hiyo akajizoeza. Mbele ya kioo, akinyoa ndevu, alilisema lile neno lake mara nyingi mpaka akalitoa rangi zote. Halikupanda wala halikushuka. Lilinyooka kama rula.

Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, alimsikia kutoka chumbani. "Mwenzangu, sasa unagombana na kioo?"

Mkewe hakuwa adui wa semina, ila hakuziogopa. Siku moja mwalimu alimsimulia jinsi ukimya ulivyotanda darasani na yeye akauacha, na mkewe akamjibu akiwa anakunja nguo. "Wangu wakinyamaza, najua kuna mmoja kajikojolea. Wako wakinyamaza, unasema wanafikiri." Walicheka wote wawili. Kicheko hicho mwalimu alikuja kukikumbuka baadaye, na hakikumchekesha tena.

Mpwa wake alipochaguliwa kujiunga na chuo, lilikuwa jambo lililo wazi kwamba atakaa kwa mjomba. Nyumba ya mjomba ilikuwa jirani na chuo, na chumba cha watoto kilikuwa kitupu tangu walipoolewa na kuoa. Binti alikuwa amepewa jina la bibi yake, mama wa mwalimu, na kwa sababu hiyo mjomba hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, funga dirisha, mbu hao." Naye aliitika kwa kiburi kidogo cha mchezo, kama bibi kweli.

Darasani haikuwezekana. Aliogopa wenzake wangesema anabebwa. Kwa hiyo akamfanya kuwa mwanafunzi kama wengine, hata zaidi ya wengine, na kwa kuwa binti alipenda kukaa mwisho wa meza karibu na mwanga, mwalimu alimwita "wewe wa dirishani". Asubuhi walikunywa chai meza moja, wakatembea njia moja, na wakifika kwenye lango la chuo Mama alibaki nje, akaingia Wewe wa Dirishani.

Juma ambalo mambo yalianza kuharibika, swali la semina lilikuwa fupi: kazi ni nini? Walikuwa wamepewa kurasa za kusoma, na walikuja nazo. Mmoja alisema kazi ni mkataba. Mwingine akasema ni utumwa uliovaa tai. Kijana mmoja waliyemwita Spika, si wa bunge bali wa muziki, kwa vile alizidi sauti na hakuwa na kitufe cha kuzimia, alizungumza kwa muda mrefu kuhusu mitambo na watu, na kila alipokomea mwalimu alimwambia, "Kwa hiyo?" naye akaongeza, kwa furaha, kama mtu anayetiliwa mafuta.

Kisha binti wa dirishani akafungua mdomo. Hakuwa na karatasi. Alisema baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa, baba hakuacha kuamka alfajiri. Aliamka, akanawa, akavaa ovaroli lake la kazi, akakaa barazani. Wapita njia wakimsalimia aliwaambia anasubiri zamu. Ilipofika saa ya watu kutoka kazini alivua ovaroli, akalikunja, akaingia ndani na kuuliza kuna chakula gani. Mama yake alilifua ovaroli hilo kila wiki, ingawa halikuchafuka.

Mwalimu alimfahamu vizuri mtu huyo. Alikuwa shemeji yake. Walikuwa wakitaniana kila wakionana, na hakuwahi kusikia habari ya ovaroli. Alitaka kuinuka, akazunguke meza, amshike bega mtoto wa dada yake. Lakini alikuwa mwalimu, na hapo palikuwa semina, na alihisi kwamba binti yuko ukingoni mwa jambo kubwa ambalo hakuna kurasa zilizolisema. Akajikaza. Akaufanya uso wake kuwa mtupu. Akasema, kwa ile sauti aliyoinyoosha miaka mingi, "Kwa hiyo?"

Spika alicheka. Hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu, na mara akajifunika mdomo.

Binti alimtazama mjomba wake. "Ni hivyo tu, Mwalimu," akasema.

Ukafuata ukimya. Mwalimu hakuuvunja. Aliuacha uwe mrefu, akaamini kwamba machozi yamembana mtoto na kwamba chumba kizima kinafikiri pamoja naye. Jioni alimwambia mkewe kwamba tangu aanze kufundisha hakuwahi kupata ukimya mzuri kama ule.

Wiki iliyofuata binti hakusema neno. Wala iliyofuata. Mwalimu alisubiri, kwa sababu kusubiri ndiko alikokuwa anajua. Nyumbani binti alifagia, alicheka na shangazi yake, ambaye ndiye mke wa mjomba, aliitika akiitwa Mama, ingawa sasa aliitika kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha mbali. Mkewe aliligundua hilo kabla yake.

"Si umuulize mtoto ana nini?"

"Nikimuuliza hapa nyumbani, nitakuwa nimempa kile ambacho wenzake hawapati."

"Wenzake hawakupikii chai."

Hakumuuliza. Nusu ya alama za semina zilikuwa za mazungumzo, na yeye ndiye aliyepigania zihesabiwe hivyo, ili wanaokariri wasiwapite wanaofikiri. Muhula ulipokwisha akampa mpwa wake alama za mtu aliyekaa kimya. Hakuongeza hata chembe, na usiku huo alijiona mtu wa haki. Chuo kikamwambia binti arudie somo. Binti akasema anakwenda kumsalimia mama yake, akabeba begi moja, na zile nguo nyingine zikafuatwa baadaye na binamu.

Mwalimu aliambiwa kwamba siku hizi yuko mjini, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, nyuma ya stendi. Ndiko alikokwenda na hoja zake.

Duka lilikuwa chumba kimoja kilichofunguka upande mzima, na mbele yake foleni ya watu wenye bahasha. Kabla hajamwona mtu alisikia sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, yenye haraka na vicheko ndani yake, ikimhoji mzee mmoja aliyeleta cheti kilicholiwa pembe na panya.

"Baba, huyu panya wako kahitimu kabisa. Muhuri kala, sahihi kala. Kabakisha jina lako tu, hilo halikumvutia."

Foleni ikacheka. Mzee akacheka zaidi ya wote, akasema panya wa kwake wana njaa ya elimu kuliko wajukuu. Sauti ikamjibu kwamba basi awalete, wataandikishwa, ila waje na kalamu zao. Mashine ikanguruma, sauti ikaendelea kusema juu ya ngurumo, ikimwambia mwanamke mmoja kwamba picha yake imetoka na nyusi moja, na kama ana haraka hiyo nyingine ataichora njiani.

Mwalimu alisimama mwisho wa foleni akisikiliza. Alijisemea kwamba huyu msemaji atakuwa mwenye duka. Kisha mtu wa mbele yake akasogea, akamwona mpwa wake, kipande cha karatasi kimemnasa kwenye nywele, mdomo wazi katikati ya utani.

Naye akamwona. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mama."

Alishuhudia kwa macho yake ukimya ukiingia. Uliingia kama mtu anavyoshusha mlango wa duka, pole pole, mpaka chini. Mabega yalishuka, sauti ikapungua, hata mikono ikaanza kuzishika karatasi kwa adabu. Kwa miezi mingi alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto wa dada yake ni mkimya wa asili.

Binti alimwomba mwenzake ashike mashine, wakasogea upande wenye kreti za soda, wakakaa. Mwalimu alimwambia habari ya nafasi na siku ya kufungua. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema ameshajiandikisha kwenye masomo ya jioni, hapo hapo mjini. Mwalimu wao anaingia, anasoma, wao wanaandika.

"Hiyo si elimu, Mama. Hiyo ni imla."

"Imla haiulizi, Mjomba."

Alisema bila hasira. Mwalimu alitazama chini. Kisha akafanya lile alilokataa kulifanya nyumbani kwake, mezani pake, miezi yote hiyo. Alimuuliza, "Nilikukosea nini?"

Binti alichezea ile karatasi iliyokuwa kwenye nywele zake, akaikunja ndogo, ndogo zaidi.

"Siku ile niliposema habari za baba. Uliniuliza, 'Kwa hiyo?'"

Ilimchukua mwalimu muda kuelewa. Alilisikia neno lake, mara ya kwanza, likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, jinsi lilivyonyooka, bila rangi, na akasikia lilivyokuwa likisema. Mwizi huulizwa "kwa hiyo?" Mlevi anayeeleza kwa nini amechelewa huulizwa "kwa hiyo?" Ni neno la mtu aliyekwisha kugeuza kisogo, anayetaka kujua yeye anahusikaje.

"Nilitaka uendelee," akasema.

"Ungesema endelea."

Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Binti akaona uso wa mjomba wake ulivyokuwa, akaona haya, akajaribu kumsaidia. Alisema alijua kuwa ni mazoea yake. Kila mtu aliambiwa vile, hata Spika, na Spika alipenda. "Lakini wao walikuja na vitabu, Mjomba. Mimi nilikuja na baba."

Mwalimu hapo akapoteza njia. Zile hoja alizozipanga zikamtoka zote kwa pamoja, zikifuatwa na nyingine. Alisema atamwomba mwenzake amfundishe yeye, atabadili utaratibu wa alama, atarudisha ubao mahali pake. Alieleza maana ya semina, ilikotoka, kwa nini aliipenda, habari ya yule mama wa miwani na uzi. Alisema hivyo kwa muda mrefu, mkono wake mmoja ukipanda na kushuka, na watu wa foleni wakageuka kumtazama. Ulikuwa mhadhara. Binti alikaa wima, mikono mapajani, akausikiliza wote kama wanafunzi wanavyosikiliza.

Alipomaliza, binti alisema, "Nimesikia, Mjomba."

Kila aliyelelewa na watu anajua maana ya kujibiwa hivyo. Hakuna mlango uliofungwa kwa upole zaidi. Walisimama. Binti akamuuliza hali ya shangazi, akamwambia amsalimie, akarudi kwenye mashine. Mwalimu alipokuwa ameshafika kwenye kona, sauti ile kavu yenye vicheko ilianza tena nyuma yake.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake moja kwa moja, kwa sababu aliogopa akilala hatakwenda.

Dada alikuwa uani akichambua mboga. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitengeneza redio, vipande vimetandazwa kwenye gazeti. Alikuwa amevaa shati na suruali za kawaida, na mwalimu aligundua kwamba amezitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Anarudi?" dada akauliza, kabla ya salamu.

"Harudi."

Dada aliweka kisu chini. Alisema maneno mengi, mengine kwa ndugu yake lakini mengi kwa binti asiyekuwapo. Alisema mtoto huyo ana kiburi tangu tumboni. Amepewa nyumba, amepewa mjomba, amepewa chuo mlangoni, na yote ameyatupa akatoe kopi za vyeti vya watu wengine. Alisema sasa hataki tena kusikia habari zake.

"Si yeye, dada. Ni mimi. Nilimkatiza."

Dada alimtazama, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Wewe? Umkatize mtu? Tangu utoto mtu akikusimulia ndoto yake unaisikiliza mpaka anaamka. Usimfiche mtoto kwa kumbeba. Sema ukweli."

Alitaka kuusema. Ulikuwa palepale mdomoni, mfupi, na ungemwondolea mpwa wake lawama yote. Lakini ili ausimulie, ilikuwa lazima aanze na alfajiri, na mtu anayenawa uso, na ovaroli safi, na yule mtu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake, akipuliza vumbi kwenye sakiti ya redio. Mtoto aliwaamini watu wa chumba kile kwa habari hiyo. Hakuileta hapa.

"Nilimkatiza," akarudia. "Darasani. Alikuwa anasema, nikamkatiza."

Dada alitikisa kichwa, akarudi kwenye mboga. Hakuamini, na isingekuwa rahisi aamini. Kuanzia siku hiyo, kwenye ukoo, habari ikawa kwamba binti aliacha chuo kwa kiburi na mjomba, kwa wema wake, akajitwisha kosa.

Shemeji ndiye aliyeinua kichwa. Alikuwa ameshika skrubu ndogo kati ya vidole viwili.

"Kwani alikuwa anasema nini, shemeji, ulipomkatiza?"

Mwalimu alitazama vipande vya redio juu ya gazeti, kila kimoja mahali pake.

"Sijui, shemeji," akasema. "Hakumaliza."

Shemeji alingoja kidogo, labda akidhani kuna zaidi. Alipoona hakuna, alisogeza gazeti lake pembeni, taratibu, vipande visichanganyike, ili mgeni apate pa kukaa.